Sauti Iliyoiva

Kwa miaka thelathini watu wa Parma walisema mimi ndiye mwenye sikio bora mjini, na mimi, mjinga, niliamini. Kazi yangu ilikuwa kuwapigia waimbaji piano na kuwafundisha sehemu zao noti kwa noti kabla hawajakanyaga jukwaa. Mwimbaji akiishiwa pumzi mstari wa tatu, mimi nilikuwa nimeshajua tangu mstari wa kwanza. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba siku Learco Ghiretti alipoanza kufa, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kinywani mwake, na sikio hilo bora likashangilia.

Ilikuwa Februari, mwaka hamsini na saba, saa nne asubuhi. Learco aliingia chumbani kwangu skafu imefika puani, akalalamika kwamba mafua yamemganda, wiki ya sita sasa. Sauti ilikuwa nzito, inakwaruza. Nikamwambia basi tusiimbe kitu, tushuke ngazi ya noti taratibu tuone koo limeamkaje. Tukaanza: la, sol, fa. Siku zote Learco alifika mi bila shida, akajikaza akaipata re huku amekunja uso, hapo tukarudi juu. Asubuhi ile mi ilikuja pana, re ikaja bila kuombwa, na kidole changu kikateremka chenyewe kwenye do. Do ikaja. Nzito, nyeusi, bila jasho, mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka.

Tukatazamana.

"Hiyo imetoka wapi?" akauliza.

"Imeiva," nikasema. "Learco, sauti yako imeiva."

Neno hilo kwetu si dogo. Mwimbaji wa teno, sauti ya juu ya kiume, huchanua mapema na kunyauka mapema, lakini besi, ile ya chini kabisa, huchelewa. Mwalimu aliyenifundisha mimi alikuwa akisema besi asiyefika miaka arobaini na mitano bado ni mbichi, umsikilize kwa huruma tu. Learco alikuwa na arobaini na sita. Kila kitu kiliingia mahali pake, na sikuona sababu ya kuuliza zaidi.

Yeye alikuwa mtu wa Langhirano, huko mabondeni ambako upepo wa milimani hukausha mapaja ya nguruwe. Alianza kazi ya kusugua chumvi nyama akiwa na miaka kumi na miwili. Sauti ikamvunjika, padri akamweka mstari wa nyuma kanisani, na kutoka pale akaletwa mjini kusoma. Kisha ikaja ile kazi ambayo besi wengi huifanya hadi kaburini. Jukwaani alikuwa mlinzi wa gereza. Alikuwa mjumbe anayeleta barua. Tangu ana miaka ishirini na minne walimpaka unga wa kuweka mvi ili awe baba wa mtu, na mara mia tatu, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa daktari anayeingia tendo la mwisho kutangaza kwamba mgonjwa hataiona kesho. Aliimba Lisbon, Kairo, Buenos Aires, na kote huko jina lake lilikuwa la mwisho kwenye tangazo, kwa herufi za kusomwa na siafu.

Alichokitaka ni kimoja. Ipo opera ya zamani ambayo Parma inaiona kama mali yake, na ndani yake yumo Kuhani Mkuu anayemlaani binti yake mbele ya watu. Neno la mwisho la laana ni "vumbi". Mtunzi aliliandika kwenye mi, pazuri tu, pasipo hatari. Lakini zamani za babu zetu besi mmoja aliamua kuliteremsha hadi do, na tangu siku hiyo mji huu haujakubali lingine. Noti hiyo haimo katika kitabu chochote kilichochapwa. Wanaiita Kisima. Besi asipoingia Kisimani, wale watazamaji wa ghorofa ya juu kabisa hawampigii mluzi wa kumzomea. Wananyamaza, basi, na anayejua ukumbi wetu angeomba mluzi.

Learco aliwahi kunyamaziwa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, akaimba mi kama ilivyoandikwa, akatoka jukwaani akisikia viatu vyake mwenyewe. Kesho yake mwuza magazeti alimrudishia chenji, akamwambia kwa adabu kabisa, "Bwana Ghiretti, jana ulisahau kushuka." Kisa hicho alikisimulia kila alipokunywa glasi ya tatu. Alikuwa anacheka, na baada ya kucheka alikuwa anajimiminia ya nne.

Ndiyo maana niliposema imeiva, mtu mzima yule alikaa kwenye kiti changu cha majani akalia.

Habari ilifika kwa Gualtiero kabla ya wiki kwisha. Gualtiero ni kinyozi, na kiti cha kinyozi huyo ndicho mahakama. Akina bwana wa ghorofa ya juu hukutana pale, wafua vyuma, wauza jibini, makarani wa posta, kila mmoja amebeba opera ishirini kichwani. Nilimpeleka Learco mwenyewe, nikisingizia kwamba nataka kunyolewa.

"Kaa hapo, kuhani," Gualtiero akasema. "Haya, tupe habari za asubuhi."

"Niache bwana, nimekuja kunyolewa tu," Learco akasema.

"Hunyolewi mpaka uzungumze. Nyie wengine fungeni midomo. Nando, zima hiyo redio, inatutapikia."

Learco akavuta pumzi. "Habari za asubuhi," akasema, pale chini kabisa.

Gualtiero alisimama na wembe mkononi, macho ameyafumba. "Haki ya Mungu," akasema. "Hiyo nimeisikia kwenye magoti. Mwalimu Evaristo, umekuwa ukimlisha nini huyu?"

"Subira," nikajibu.

"Mnamwona? Hata haya hana," Nando akasema, na wote wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda, maana sifa zilikuwa zangu.

Mwezi haukuisha, ukumbi ukamwita. Angeufungua msimu siku ya Santo Stefano, siku inayofuata Krismasi, kama desturi yetu ilivyo. Angekuwa Kuhani Mkuu. Jina lake lingekuwa la pili kutoka juu.

Sasa nimseme Argia, mkewe, maana huyu ndiye aliyekuwa na akili. Argia hakuacha Langhirano. Baba yake alikuwa mchoma sindano katika ghala la nyama, na yeye akairithi kazi, ingawa wanaume walinung'unika. Sindano yenyewe ni ya mfupa wa farasi, nyembamba, ndefu kama kalamu. Unaichoma kwenye paja karibu na mfupa, unaichomoa, unaipitisha puani, basi. Mfupa huo hunywa harufu upesi na kuitoa upesi. Paja linaweza kuwa zuri kwa macho, gumu kwa kidole, rangi ya kupendeza, na huku kule ndani limeshaanza kuoza. Argia alikuwa akichoma mapaja mia nane kwa siku bila kukosea.

Mwezi wa tano waliniita kula chakula cha mchana cha Jumapili. Learco alitoka kwenda kufuata divai kwenye ghala la chini. Argia alikuwa jikoni anaipua mchuzi, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mwalimu, mimi muziki siujui."

"Tunajua, shemeji. Wewe ndiye uliyelala kwenye mazoezi ya mwisho."

"Nilikuwa nimechoka. Nisikilize. Learco ana harufu."

"Mwambie aoge."

"Ya mdomoni. Haikuwapo mwaka jana. Inatoka chini, si ya meno. Akilala namsogelea naisikia." Alishika mwiko lakini hakuwa anakoroga chochote. "Naijua hiyo harufu, mwalimu. Ndiyo inayonilipa mshahara."

Nilicheka. Naomba uelewe kwamba nilicheka kweli, kwa sauti. "Argia, unataka kumchoma mumeo sindano kama paja la nguruwe?"

"Akikubali, hata leo."

"Sauti yake haijawahi kuwa nzuri hivi. Mji mzima unasema."

"Mji mzima unasikiliza. Nani kamnusa?" Akanikazia macho. "Mimi hanisikii. Akiniona namnusa ananiita mchawi wa ghalani. Wewe anakusikiliza. Mwambie aende kwa daktari, neno moja tu."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limejaa do.

Kuanzia hapo dalili zilikuja moja moja, na kila moja niliikaribisha kwa maelezo. Noti za juu zikaanza kumtoroka, nikasema bila shaka, sauti ikishuka chini lazima ikiachilie cha juu, nikazishusha sehemu mbili nusu hatua na kuomba ruhusa kwa kondakta wa okestra. Akawa anameza kwa shida, nikamwambia ni woga. Sikio la kushoto likamuuma usiku, nikamlaumu upepo. Akakonda, na mshona mavazi akafurahi kwamba joho la kuhani sasa linamkaa kama mtawa wa kweli. Ghorofa nzima ya juu ilimpenda. Mitaani watu walimsimamisha wakimwomba aseme tu jina la mtoto wao. Alikuwa anakwaruza zaidi kila mwezi, na sisi, watu tunaojivunia kumjua mwimbaji kwa kikohozi chake, tulisema giza lake linazidi kunoga.

Mwezi wa kumi Argia alimkokota hadi Bologna, kwa daktari wa koo aitwaye Belletti. Kesho yake Learco alikuja kwangu peke yake, bila skafu. Akaniwekea barua juu ya piano. Nikaisoma. Kulikuwa na uvimbe kwenye kano la sauti. Daktari alitaka kupasua ndani ya siku kumi na tano na kutoa kisanduku chote cha sauti. Learco angepumua kwa tundu la shingoni, hangeimba wala kusema tena, lakini angeishi. Akingoja mpaka mwaka mpya, daktari hakuahidi kitu.

"Argia anajua?"

"Ameshafunga mkoba wa hospitali."

"Sasa hapa unafanya nini, Learco?"

"Nimekuja unisikilize." Alisimama palepale aliposimama Februari. "Belletti ana kioo cha kuchungulia koo. Wewe una sikio. Nipigie laana. Kisha uniambie unasikia nini, na nitafanya utakalosema. Nakuapia."

Nikapiga. Akaimba yote, toka mwanzo hadi "vumbi", akaingia Kisimani. Na mara hii, kwa kuwa barua ilikuwa mbele yangu, nilisikiliza kwa kweli. Chini ya do kulikuwa na upepo. Mdogo, kama ule unaopita chini ya mlango uliofungwa vibaya. Nikajua kwamba ulikuwapo tangu Februari. Nikajua kwamba noti ile niliyosema imeiva haikuwa ya Learco hata kidogo. Ilikuwa ya kile kilichokuwa kinakaa juu ya kano lake, kinaongeza uzito wiki kwa wiki.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Nasikia besi."

"Ugonjwa je?"

"Sisikii ugonjwa."

"Una hakika, mwalimu?"

"Wiki kumi, Learco. Uimbe Santo Stefano, kisha nenda ukatwe chochote wanachotaka kukata."

Alikunja barua, akanishika bega akaondoka. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini nilisema vile, na jibu ni fupi, linatia aibu. Nilitaka kuisikia ukumbini. Nilikuwa nimeingoja do ile maisha yangu yote, na sikutaka iondoke kabla Parma haijajua ni nani aliyeitambua wa kwanza.

Argia alikuja siku mbili baadaye. Hakukaa.

"Umemwambia nini mume wangu?"

"Nimemwambia ninachosikia."

"Niapie kwa marehemu mama yako."

"Shemeji, mimi siapiapi."

"Haya." Alivaa glavu zake polepole. "Kule kwetu, mchoma sindano akisikia harufu akanyamaza, hafukuzwi kazi tu, mwalimu. Hata mezani kwa ndugu zake haketi tena." Akashuka ngazi, nami nikabaki nasikiliza hatua zake hadi mtaani.

Lazima sasa niseme jambo la rangi. Katika ukumbi wetu hakuna anayevaa zambarau. Ni rangi ya Kwaresima, siku ambazo zamani kumbi zilifungwa na waimbaji wakalala njaa, na mpaka leo ukiingia na hata ua la zambarau kuna mtu atakutoa nje kwa kola. Learco alikuwa mwoga wa rangi hiyo kuliko wote. Aliwahi kuacha mazoezi kwa sababu ya leso ya zambarau ya mwimbaji mmoja wa kike. Argia alikuwa na gauni moja la zambarau, la harusi ya dada yake, nalo lilikuwa limefichwa kwa mama yake miaka kumi na sita, maana mumewe hakutaka lilale nyumba moja na vitabu vyake vya noti.

Jioni ya Santo Stefano, nusu saa kabla ya pazia, nilikuwa chumba cha mavazi. Learco alikuwa mbele ya kioo, ndevu nyeupe zimegandishwa upande mmoja. Mlango ukafunguka. Argia akaingia, akavua koti, na gauni lile likawa katikati yetu.

Mvalishaji aliangusha chupa ya gundi. Msimamizi wa jukwaa alichungulia, akakimbilia bomba la chuma kulishika, maana kwetu chuma hukinga mkosi, akapiga kelele kwamba aitwe mtu wa kumtoa huyo mwanamke. Kondakta alifika mlangoni akarudi kinyumenyume. Kwenye korido alikuwa amesimama besi wa akiba kutoka Modena, amevaa tayari, na nikaona usoni mwake kwamba ameshaelewa usiku huu ni wake. Wote tulielewa. Learco Ghiretti hangeweza kuimba baada ya hayo, na mkewe alijua, na ndiyo sababu alikuwa pale.

"Haya, hutaimba," Argia akasema. "Vua hilo joho. Nimeacha teksi nje. Belletti anatungoja, amesema hata leo, hata saa hizi."

Learco akageuka kwenye kiti. Alimtazama kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Sikuona woga wowote. Nilitafuta woga ule, nakwambia, nilitamani niuone.

"Imekupendeza hiyo rangi," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Miaka kumi na sita nimekunyima bure."

"Learco, tafadhali."

"Kaa hapa uningoje, mama. Hakuna mtu wa kukugusa." Akamgeukia mvalishaji. "Malizia ndevu."

Mtu aliyekuwa akikimbia leso, sasa hakimbii gauni zima. Anayefanya hivyo ameshajua kwamba baya lenyewe limekwisha kuingia, halina haja tena ya rangi wala ishara. Mguu wangu ulitaka kwenda mlangoni, niseme na kondakta, nimwambie ampe joho yule wa Modena. Neno moja tu. Nikalishika mdomoni, pazia likafunguliwa.

Niliisikia laana nikiwa pembeni ya jukwaa. Sijui nikwambieje. Watu elfu moja na mia mbili walikuwa hawapumui. Kuhani alinyanyua mkono juu ya binti yake, akaimba kwa ukali uliotulia, bila haraka, kila neno likiwekwa chini kama jiwe la msingi. Kisha "vumbi". Akashuka. Do ilijaa ukumbi, ikakaa, ikazidi kukaa, na chini yake upepo ule ukavuma waziwazi, na katika watu elfu moja na mia mbili mimi peke yangu niliujua ni nini. Huko juu Gualtiero alikuwa analia, nilimwona.

Kisha ghorofa ya juu ikalipuka. "Kisima! Kisima!" Walipiga miguu mpaka vumbi la dari likatunyeshea. Walikuwa wanataka tena. Kondakta alimtazama Learco, Learco akakubali kwa kichwa. Akaimba laana yote mara ya pili. Mara hii upepo ulikuwa mkubwa kuliko noti, lakini noti ilikuwapo, hakuna wa kumnyang'anya.

Alitoka upande wangu. Argia alikuwa amesimama pale na zambarau yake, wafanyakazi wote wamemkwepa. Learco akaweka leso mdomoni, ikawa nyekundu. Akaitoa, akafungua kinywa kumwambia mkewe neno. Hakukuwa na sauti. Ulitoka upepo tu. Tendo la mwisho aliliimba yule wa Modena, na hakuna anayekumbuka aliliimbaje.

Belletti alimpasua siku ya pili ya Januari. Aliufungua mlango wa koo, kama alivyomwambia Argia baadaye, akakuta uvimbe umeshahamia vyumba vyote.

Nilikwenda kumwona mwezi wa tatu. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, kitambaa shingoni, na kila pumzi yake ilipiga filimbi kwenye lile tundu. Argia alikuwa anamenya chungwa. Learco alichukua daftari la shule na penseli, akaandika, akanigeuzia.

*Mwezi wa kumi. Ulisikia?*

Nilitazama sakafu. Kisha nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Akaandika tena bila kukasirika, kama mtu anayeandika orodha ya sokoni. *Mimi pia. Ndiyo maana nilikuuliza wewe, sikumwuliza Argia.*

Niliangua kilio pale pale. Akanigonga mkono kwa penseli ninyamaze, akaandika la mwisho. *Ilikuwa do?*

"Do," nikasema. "Do kamili. Mara zote mbili."

Akafumba macho. Uso wake ulitulia kabisa, na sijawahi kumsamehe kwa kutulia kule, wala kujisamehe mimi kwa kuutamani utulivu huo. Daftari lilikuwa wazi juu ya shuka. Argia aliweka chungwa, akalichukua, akasoma toka juu hadi chini. Akachana ukurasa ule taratibu, akaukunja mara mbili, akautia mfukoni. Kisha akaendelea kumenya.

Learco alikufa mwezi wa sita. Tulimzika Langhirano siku ya jua kali, madirisha ya maghala yote yako wazi yanangoja upepo. Mabasi mawili ya watu wa ghorofa ya juu yalikuja kutoka mjini, Gualtiero amevaa tai. Mazishi yalipokwisha, walijipanga kumpa mjane mkono, na hapo mstari ukasimama. Argia alikuwa amevaa lile gauni la zambarau. Wanaume wazima, wenye wajukuu, walibaki hatua kumi kutoka kwake, wanageuza kofia mikononi, mmoja ameshika funguo zake za chuma mfukoni. Hakuna aliyethubutu. Nikaenda mimi. Nikampa mkono, akaupokea, na mkono wake haukunikaza wala haukulegea.

Gualtiero, kwa kuwa hakuweza kusogea, alisema kutoka kule kule, kwa sauti ili mjane asikie na afarijike.

"Bi Argia, sisi tutakufa tumeisikia ile do. Watoto wetu hawataisikia nyingine. Na tuseme ukweli wa Mungu, aliyeijua kabla yetu sote ni mwalimu Evaristo. Ni lile sikio lake."

Wote wakaitikia kwamba ndiyo, ni kweli. Nilitaka kuutoa mkono wangu, lakini Argia alikuwa bado ameushika. Alisogea karibu, mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu, akavuta pumzi kwa pua, polepole, kama anavyofanya kazini. Kisha akawageukia.

"Ni kweli," akasema. "Bila mwalimu, tusingeisikia."